Dini yetu ilipita kwenye utenzi

Ndugu zangu mnaoiita sanaa upuuzi, Utendi wa Tambuka uliandikwa kisiwani Pate mwaka 1728 na unasimulia vita vya Waislamu na Warumi. Mwana Kupona alipotaka kumwachia bintiye wasia wa dini, mwaka 1858, alitunga utenzi. Na huko Lamu, mwanachuoni Habib Swaleh alilaumiwa kwa kupigisha matwari kwenye Maulidi. Leo watu husafiri kutoka mbali kuhudhuria Maulidi hayo! Sisi wahafidhina tukijitenga na watunzi, vijana watalelewa na wengine, kisha tutalalamikia nyimbo za matusi. Wazee wa misikiti, na wa makanisa pia, tengeni fungu la malenga na mafundi wa nakshi, kama mnavyotenga la mazulia na vipaza sauti.