Kona ya Kompyuta: Iambie Hiki ni Kitu Gani

Msimu wa tasnifu umewadia, na wengi wetu tunaandika kazi zenye sura, majedwali na mifano ya Kiswahili iliyochambuliwa mofimu kwa mofimu. Kazi ya namna hiyo haisumbui sana siku ya kuiandika. Inasumbua siku msimamizi anaposema, "Sura ya tatu ije kabla ya ya pili, na lile jedwali la ngeli liondoke." Hapo mwandishi anakumbuka kwamba yaliyomo aliyapiga kwa vidole, nukta kwa nukta, na sasa karibu kila nambari ya ukurasa ni ya uongo. Imebaki wiki moja kazi ikabidhiwe, naye anaimaliza akihesabu kurasa badala ya kusahihisha hoja.

Programu ya kuandikia, iwe Microsoft Word au LibreOffice Writer, haijui kwamba mstari fulani ni kichwa cha sura kwa sababu tu umeukoza wino na kuukuza. Kwake hiyo ni aya kama aya nyingine. Lazima uiambie. Katika Word ya Windows, weka kishale kwenye kichwa cha sura, kisha bonyeza Ctrl+Alt+1. Kichwa kidogo ndani ya sura ni Ctrl+Alt+2, na kilicho chini yake ni Ctrl+Alt+3. Wenye Writer watumie Ctrl+1, Ctrl+2 na Ctrl+3. Huo ndio unaoitwa mtindo. Kama hupendi rangi au fonti iliyokuja nao, usihangaike na kichwa kimoja kimoja: rekebisha mtindo wenyewe mara moja, na vichwa vyote vya daraja hilo vitafuata.

Ukishafanya hivyo, yaliyomo yanajiandika. Katika Word, nenda References, chagua Table of Contents, na orodha yote itatokea na nambari zake. Ukihamisha sura, bonyeza Ctrl+A kisha F9, na ikikuuliza, iambie ibadilishe orodha nzima, si nambari za kurasa pekee.

Majedwali nayo ni vivyo hivyo. Usiandike "Jedwali 4" kwa mkono. Chini ya References tumia Insert Caption. Usikubali neno la Kiingereza linalokuja lenyewe; bonyeza New Label, andika Jedwali, kisha utengeneze na Kielelezo. Unapotaka kusema "tazama Jedwali 4" ndani ya aya, ingiza rejea hiyo kwa Cross-reference. Jedwali la pili likiondolewa, la nne litakuwa la tatu, na aya inayolitaja itajirekebisha utakapobonyeza tena Ctrl+A na F9.

Vyuo vingi hutaka kurasa za mwanzo ziwe na nambari za Kirumi, na sura ya kwanza ianze na 1. Siri yake ni kukata hati sehemu mbili kabla ya sura hiyo. Nenda Layout, kisha Breaks, chagua Next Page, halafu katika sehemu mpya uzime Link to Previous kabla ya kubadili nambari.

Sasa tuje kwenye jambo linalotuhusu sisi wa Kiswahili hasa. Tukichambua neno kama a-li-wa-pik-i-a, tunataka kila mofimu ikae juu ya maana yake. Ukipanga kwa kubonyeza nafasi nyingi, ukibadili fonti tu mstari unapinda, na kiambishi cha njeo kinaangukia mtendwa. Tumia jedwali lisilo na mistari, mofimu moja kwa kila kisanduku.

Ila kabla ya kuanza, fungua File, Options, Proofing, kisha AutoCorrect Options. Word kwa kawaida hukuza herufi ya kwanza ya kila kisanduku cha jedwali, kwa hiyo li inakuwa Li. Kiambishi i kikisimama peke yake hugeuzwa I. Na mfano wako wa tatu, ulioupa alama (c), unageuka alama ya hakimiliki. Ondoa hayo yote matatu. Likikuponyoka moja, Ctrl+Z papo hapo hulirudisha.

Halafu tengeneza mtindo mmoja, uuite Mfano, na katika marekebisho yake uweke lugha kuwa Kiswahili. Hata kama kompyuta yako haina kamusi ya Kiswahili, angalau itaacha kuyapima maneno yetu kwa kamusi ya Kiingereza. Hili si suala la urembo. Ukurasa ukijaa mistari myekundu, jicho huizoea, na kosa la kweli hupita humo humo hadi kwa mtahini.

Walimu wetu, nanyi mna faida hapa. Hati yenye mitindo hufunguka pembeni kama orodha ya sura, mkabofya na kufika mnakotaka. Msomaji asiyeona, anayetumia programu ya kusoma skrini kwa sauti, huruka kutoka kichwa hadi kichwa kwa mitindo hiyo hiyo. Bila hiyo, analazimika kuisikiliza tasnifu nzima kutafuta sura moja. Tunaomba muitake kuanzia rasimu ya kwanza.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kurasa kumi leo atamaliza kazi hii kabla chai yake haijapoa. Mwenye kurasa mia aanze na vichwa vya sura tu usiku huu, na majedwali kesho.