Yafaa Tujifunze Mapishi ya Karai

Wako watu wasemao kwamba mapishi ya Kichina ni mambo ya hotelini, ya watu wenye fedha na nafasi. Husema kwamba mtu wa kawaida hana haja nayo, maana hana vile vichupa vya sosi wala vile viungo vyenye majina magumu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Nasadiki kwamba mapishi ya kila siku ya nyumba ya Kichina, yaani kukata vitu vidogo vidogo na kuvikaanga upesi katika karai la moto, yanafaa sana kwa jamaa zetu, na hasa kwa watu wa huku Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, ninakofanya kazi tangu nilipoiacha shule yetu. Nawaomba wasomaji, ninyi wanafunzi wa leo na sisi wa zamani, mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjacheka.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Nchelenge iko katika Jimbo la Luapula, kaskazini ya Zambia. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, na watu wa Kilwa na Pweto wakivuka huja na Kiswahili chao. Kwa hiyo mtu aliyezoea kusoma kurasa hizi hawezi kupotea katika soko la Kashikishi. Tena tangu mwaka 2018 wako ndugu wengi wa Kongo katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, katika wilaya hii hii. Chakula cha huku ni ugali wa muhogo, ambao wenyeji huuita ubwali, na kitoweo kipendwacho ni samaki. Samaki wakiwapo, hapana shida. Shida yaanza wasipokuwapo.

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, serikali hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaana. Sheria hii ni njema, na sababu yake yajulikana. Zamani palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, ambaye wakati wa mvua alipanda Mto Luapula makundi kwa makundi kwenda kutaga mayai. Katika miaka ya 1940 alivuliwa bila kiasi, maana wafanya kazi wa migodi ya shaba walihitaji chakula na bei ilikuwa nzuri. Nyavu zilimngoja mle mle njiani, kabla hajataga. Haikuchukua muda mrefu, makundi yale yakaisha, na wala hayakurudi kama yalivyokuwa. Asiyetaka kuamini faida ya kufunga uvuvi na aulize habari za mpumbu.

Lakini wahenga walisema, mwenye njaa hana miiko. Watoto wakimwuliza mama yao usiku kitoweo kiko wapi, na mama akanyamaza, baba huutazama wavu wake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sheria inapovunjwa, jikoni, kabla mtumbwi haujaingia majini. Twawahubiria watu wasivue, nasi hatuwaonyeshi watakula nini kwa miezi mitatu. Mapishi ya karai ni jibu moja la swali hilo. Sisemi ni jibu pekee.

Fikirini vizuri. Miezi ile ya kufunga uvuvi ndiyo miezi ya mvua. Mchicha waota kila mahali, majani ya maboga ni tele, na mwenye bustani ana vitunguu na bamia. Kuku wako uani. Kinachokosekana ni kile kitoweo kikubwa cha katikati ya sahani ambacho tumezoea kukiita chakula. Sasa Mchina wa kawaida hakuzoea kuweka pande kubwa la nyama mbele ya kila mtu. Nyama kidogo huikata nyembamba kama njiti, akaichanganya na mboga nyingi, na kila mlaji akapata ladha yake. Kifua cha kuku mmoja, ambacho kwetu chatosha watu wawili wakubwa, kwa namna hii chaweza kulisha nyumba ya watu sita na ugali wao.

Namna yenyewe si ngumu. Wachina huiita chao. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba kazi yote ya kisu huisha kabla ya kazi ya moto kuanza. Osha mboga, zikung'ute maji, kata kila kitu kwa ukubwa mmoja, panga karibu nawe. Kisha weka karai juu ya makaa makali mpaka lipate moto hasa. Ndipo utie mafuta vijiko viwili, na baada yake kitunguu saumu na tangawizi. Usingoje viungue. Tia vitu vigumu kwanza, kama karoti, halafu vilaini, na majani mwisho kabisa. Mkono usipumzike, pindua na mwiko tangu chini mpaka juu. Chumvi hutiwa mwishoni, maana ikitiwa mapema mboga hutoa maji. Tena usijaze karai. Ukilijaza, moto hupoa, maji hutoka, na badala ya kukaanga utakuwa unachemsha. Kama watu ni wengi, kaanga mara mbili.

Nitataja vyakula vitatu tu, ambavyo mwanafunzi yeyote aweza kuvipika. Cha kwanza ni mayai na nyanya, chakula cha nyumbani kijulikanacho sana katika China. Piga mayai manne, uyakaange upesi mpaka yaanze kushikamana, uyaondoe. Kaanga nyanya tatu mpaka zitoe mchuzi, tia chumvi na sukari kidogo sana, kisha urudishe mayai. Cha pili ni majani na kitunguu saumu: mchicha, au kabichi, au ile mboga ambayo sokoni kwetu Tanzania yaitwa chainizi, jina ambalo latuambia wazi ilikotoka. Hiki huiva kwa dakika chache tu. Cha tatu ni kuku na pilipili hoho. Kata nyama nyembamba kwa kukingama nyuzi zake, uichanganye na chumvi na kijiko cha unga laini wa muhogo, uikaange mpaka isiwe na wekundu ndani, uiondoe. Kaanga pilipili hoho na kitunguu, kisha uchanganye vyote na maji kidogo. Ule unga wa muhogo huifanya nyama iwe laini na mchuzi uwe mzito. Kama una mchuzi wa soya, tia. Kama huna, chumvi na ndimu zatosha, na chakula hakitapungukiwa heshima.

Faida zake ni tatu. Ya kwanza ni mkaa. Huku watu wengi hupikia mbaula, yaani jiko la mkaa, na kila gunia la mkaa ni miti iliyokatwa. Sufuria ichemkayo saa nzima na karai likaalo motoni dakika kumi haviwezi kula mkaa sawasawa. Ya pili ni afya. Vitamini C ya mboga huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto wa muda mrefu. Mboga ikichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, tumemwaga dawa tukala makapi. Tena ile rangi ya manjano iliyomo katika karoti na majani mabichi, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hupokewa vizuri zaidi ikiliwa pamoja na mafuta kidogo. Ya tatu ni mama zetu. Mwanamke arudiye shambani jua likitua, mtoto mgongoni, hana haja ya kukaa tena mbele ya moshi mpaka usiku.

Najua kuna watakaonijibu. Wa kwanza watasema kwamba twaiga wageni na kuacha vya kwetu. Nawauliza, vya kwetu ni vipi? Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini. Mahindi na nyanya pia vilitoka Amerika, na nyanya ile ile Wachina waliipokea kutoka huko kama sisi. Kila taifa lenye akili hupokea linalofaa, likalifanya lake. Wala Wachina si wageni wa jana. Walipokuja kujenga reli ya TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 tangu Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, waliishi kambini na kulima mboga zao wenyewe. Sisi tuliipokea reli tukaisifu, na ni haki kuisifu. Lakini naona tulisahau kuchungulia karai lao, na pengine humo mlikuwa na msaada kwa watu wasiokaa karibu na reli yoyote, kama hawa wa Mweru.

Wa pili watasema mafuta ni ghali. Ni kweli. Lakini mapishi haya hayataki mafuta ya kuogelea. Yataka vijiko viwili kwa chakula cha nyumba nzima. Mtu akaangaye samaki au mandazi hutumia mengi zaidi.

Wa tatu watasema kwamba si kila kitu chaweza kupikwa hivi. Hao wasema kweli, nami nawaunga mkono kwa nguvu. Kisamvu kina sumu, na sharti kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu. Ole wake atakayekitupa katika karai kibichi ati kwa kuwa amesoma makala hii. Maharage makavu nayo lazima yachemshwe mpaka yaive kabisa. Mapishi mapya hayakuja kuyafukuza ya bibi zetu. Mboga za majani katika unga wa karanga ni chakula cha heshima, nami sitakiacha. Nataka tu nyumba iwe na njia mbili pale ilipokuwa na moja.

Wa nne ndio wengi, nao hawasemi kwa sauti. Ni wavulana. Wao waona kwamba jikoni si mahali pao. Nawauliza ndugu zangu hawa: mtakapopata kazi mbali na kwenu, mtakula nini? Nimewaona vijana wenye vyeti vizuri wakila mkate na soda jioni baada ya jioni, na mshahara wao ukiishia dukani, kwa sababu hawajui kukaanga yai. Mtu aliyeweza kujifunza hesabu za aljebra hashindwi kujifunza kupanga mboga ngumu na laini. Kushika mwiko hakumpunguzii mtu uanaume. Kutegemea watu wengine kila siku kwa tonge lake, hilo lampunguzia.

Basi nashauri mambo mawili. La kwanza, shule yetu ina wanafunzi wa kutosha kulima bustani. Na wapande chainizi, vitunguu saumu na pilipili hoho, na Jumamosi moja kila mwezi wavulana na wasichana wapike pamoja, wale walichopanda. La pili ni la kila mwanafunzi mwenyewe. Likizo ya Desemba huanguka wakati ule ule ambapo uvuvi wa Mweru umefungwa. Ukifika nyumbani, usimwambie mama kwamba umejifunza vitamini shuleni. Mwombe jiko kwa jioni moja, ununue mayai manne na nyanya tatu, upike. Wadogo zako wakimaliza sahani, utakuwa umefundisha kuliko hotuba kumi.

Na wale wenzangu wa zamani walio kando ya ziwa hili, au ziwa jingine lolote lenye miezi ya kufungwa, nawaomba wafanye vivyo hivyo kwa majirani zao. Kila nyumba itakayoshiba bila wavu mwezi wa Januari imewaachia samaki nafasi ya kutaga. Akiba haiozi, na akiba ya watu wa Mweru huogelea.