Tukimngoja Mwimbaji

Mara ya kwanza nilimngoja mwimbaji kwa dakika 17. Ilikuwa Ilala, Dar es Salaam, sebuleni kwa rafiki yangu aliyerudi masomoni na begi zima la CD, jioni, feni inazunguka, chai iko mezani. Akaweka diski. Piano ikaanza: noti tatu nne hivi, kimya, noti nyingine mbili, kimya kirefu zaidi. Nikajua huo ni utangulizi. Mtu aliyelelewa na taarabu na dansi hashtuki kwa utangulizi mrefu. Anajua magitaa yakishamaliza kuamkiana, atasimama mtu aeleze yaliyomsibu. Nikanywa chai. Piano ikarudia mambo yake yaleyale, ingawa si yaleyale kabisa.

"Anaingia lini?" nikauliza.

"Nani?"

"Mwimbaji."

Akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Haingii, kaka. Ndiyo yenyewe hiyo."

Sikuupenda. Nalisema hili mapema kwa sababu toleo zima ulilonalo mkononi limepewa muziki huohuo, na msomaji ana haki ya kujua kwamba mhariri wake hakuzaliwa nao. Diski ile ilikuwa Music for Airports ya Mwingereza Brian Eno, iliyotengenezwa 1978, na piano niliyoilaumu iko katika kipande chake cha kwanza, imepigwa na Robert Wyatt. Eno aliutunga baada ya kukaa akingoja katika uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, jengo zuri, asubuhi nzuri, na muziki wa hovyo unaotoka darini. Akajiuliza muziki gani ungefaa mahali ambapo watu wanaongea, matangazo yanaingia kila baada ya muda, na kila mmoja anajua kimoyomoyo kwamba ndege huweza kuanguka. Mwaka 1980 muziki huo ulipigwa kweli katika jengo moja la uwanja wa LaGuardia, New York.

Kuhusu jina. Waingereza wameupa neno lenye asili ya Kilatini, ambient, maana yake kuzunguka pande zote. Mzizi huo tunao: kuzingira. Mazingira ni yanayotuzingira. Tatizo ni kwamba neno hilo limekwisha kushikwa na semina. Ukitangaza tamasha la muziki wa mazingira, watu watategemea kwaya ya shule ya msingi ikihimiza kupanda miti. Waandishi wetu wa toleo hili wamegawanyika, wengine wameandika ambienti, wengine muziki wa kuzingira, na nimewaachia. Ndugu yake wa karibu, muziki wenye mdundo ila mdundo usio na haraka, tumeuita daunitempo kama ma-DJ wanavyouita. Huo hutembea kwa mapigo 80 hadi 110 hivi kwa dakika. Singeli ya hapa kwetu hupita 200, kwa hiyo usishangae ukiuona mji huu hauna subira nao.

Wanaouzungumzia muziki huu mjini ni makundi mawili. La kwanza linasema huu si muziki. Hao nawaheshimu, nilikuwa mwenzao. La pili ndilo linalonikera: linasema ni muziki mzuri sana wa kulalia. Tafuta kwenye simu yako, utaletewa saa nane mfululizo za kinanda na mvua ya kutengeneza, picha ya mwezi juu ya ziwa, na ahadi kwamba mtoto mchanga, mgonjwa wa presha na mwanafunzi wa kidato cha nne wote watanufaika. Sina ugomvi na usingizi. Ugomvi wangu ni kwamba kundi hili linatuambia tufunge madirisha kwanza, na muziki huu ulizaliwa dirisha likiwa wazi.

Januari 1975, London, Eno aligongwa na teksi. Akiwa kitandani nyumbani, rafiki yake Judy Nylon alimletea santuri ya kinubi cha karne ya 18. Kwa masimulizi ya Eno, mgeni alipoondoka alijikongoja akaiweka, akarudi kulala, ndipo akagundua sauti iko chini mno na spika moja haisemi kabisa. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Nje mvua ilikuwa inanyesha. Kinubi kikamfikia vipande vipande, noti zenye nguvu tu zikipenya, nyingine zikimezwa na maji. Nylon amewahi kusimulia tofauti: kwamba walikuwa pamoja chumbani na walisawazisha santuri na mvua kwa makusudi. Mimi namwamini zaidi Nylon, kwani ajali nzuri namna hiyo ni adimu. Ila katika masimulizi yote mawili mvua imo, na imo kama mpigaji mmojawapo. Mwaka uleule akatoa Discreet Music, upande wake wa kwanza ukiwa kipande kimoja cha zaidi ya nusu saa.

Halafu akaja Afrika. Alikuwa Ghana akitayarisha albamu ya bendi ya Edikanfo, amebeba kinasa sauti na maikrofoni ya stirio ili arekodi muziki na maongezi ya watu. Jioni akajikuta anakaa barazani, maikrofoni imetegwa inase kila kinachopita, cha karibu na cha mbali, naye anasikiliza kwa hedifoni. Alieleza baadaye, katika maelezo ya albamu yake On Land ya 1982, kwamba sauti zile zilizotawanyika zilipobanwa ndani ya fremu moja ziligeuka muziki. Jirani zake pale walikuwa wakizisikia sauti hizohizo kila jioni bila kinasa. Sisemi kwamba walikuwa na kitu alichowaibia. Sauti ya jioni haina mwenyewe. Nasema tu kwamba mtu wa Accra, au wa Manzese, akiambiwa kwamba kwake kuna kelele mno kwa muziki wa namna hii, amwambie msemaji akaulize ulitoka wapi.

Muziki unaotoka darini kwenye supamaketi hufanya kazi ya rangi ya ukuta: unafunika. Wa Eno umeachwa na matundu kwa makusudi, matangazo ya ndege yapite, kikohozi kipite. Aliandika mwenyewe kwamba unatakiwa uweze kupuuzwa bila kupoteza utamu kwa anayetaka kuusikiliza. Ni sharti gumu kuliko linavyoonekana, na kazi nyingi za aina hii hulishindwa. Zinapuuzika, basi. Nimesikiliza albamu zisizohesabika mwaka huu kwa ajili ya toleo hili na nyingi zilinichosha, mbili tatu zilinikasirisha.

Mfaransa Erik Satie alijaribu mapema zaidi. Mwaka 1920, kwenye jumba la sanaa mjini Paris, alipiga alichokiita muziki wa fanicha wakati wa mapumziko ya onyesho, akiwasihi watu waendelee kuongea na kutembea. Wakakaa kimya kwa adabu wakasikiliza. Angeuleta Unguja angefanikiwa zaidi. Taarabu asilia hufunguliwa na bashrafu, ala tupu, fidla na kanuni na udi, na wakati huo ukumbini watu bado wanatafuta viti, wanaamkiana, mtu anampisha bibi yake apite, na hakuna anayeona kwamba bashrafu imevunjiwa heshima. Masikio ya kusikiliza hivyo tunayo. Kinachotutofautisha ni kwamba bashrafu ina miadi: mwimbaji yuko nyuma ya pazia, na sote tunajua.

Sasa ufundi wenyewe, maana wasomaji kadhaa wameniuliza mtu hutungaje kitu kisicho na mwanzo wala kiitikio. Nenda Mbagala Rangi Tatu, kituoni. Kuna kijana mwenye meza ya sumu na kipaza sauti chenye tangazo lililorekodiwa: dawa ya kunguni, dawa ya mende, dawa ya panya, tena na tena mpaka betri iishe. Pembeni yake mwenzake anauza soksi, naye kipaza sauti chake kinazunguka: kwa buku tu, kwa buku tu, njoo uchague. Rekodi ya kwanza ni ndefu kidogo kuliko ya pili. Siku moja nikingoja daladala niliwasikiliza kwa robo saa. Mara "panya" ikakutana na "kwa buku tu", mzunguko uliofuata ikawa "mende", baadaye "njoo uchague" ikaangukia juu ya kunguni. Hakuna aliyepanga. Kila mmoja anarudia kitu kilekile bila kuchoka, lakini wawili kwa pamoja hawakurudia hata mara moja muda wote niliokuwa pale.

Kipande cha pili cha Music for Airports kimetengenezwa hivyohivyo. Noti mojamoja za sauti za watu, "aa" tupu isiyo na neno, kila moja imerekodiwa kwenye utepe wake na ncha za utepe zikaunganishwa kuwa duara. Duara moja lilichukua sekunde 23 na nusu kumaliza mzunguko, jingine karibu 26, jingine karibu 30, na mengine kwa urefu wake. Yakaachwa yazunguke. Wakati mwingine noti tatu huangukiana zikawa kodi tamu, wakati mwingine kunakuwa na pengo kubwa mpaka ukadhani mashine imezimika. Kazi ya mtunzi ilikuwa kuchagua noti na urefu wa utepe, kisha kuondoa mikono. Kuondoa mikono ndipo wengi tunaposhindwa.

Daunitempo ina ukoo mwingine, na ukoo huo unaanzia kwa fundi redio. Osbourne Ruddock wa Kingston, Jamaika, aliyejulikana kama King Tubby, alikuwa akitengeneza redio na ampilifaya kabla ya kuwa jina kubwa. Miaka ya 1970 alichukua nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, akamtoa mwimbaji, akabakiza besi na ngoma, na pale sauti ilipokuwa akaacha mwangwi: nusu ya neno inaingia, inajirudia, inafifia. Watoto wa Wajamaika na wenzao wa mjini Bristol, Uingereza, walikua na maspika ya muziki huo mitaani. Kutoka hapo tukapata Blue Lines ya Massive Attack mwaka 1991 na Dummy ya Portishead mwaka 1994, muziki wa watu wanaotembea usiku bila haraka ya kufika. London nako, mwaka 1989, klabu ya Heaven ilikuwa na chumba cha pembeni ambako The Orb waliwapigia waliochoka kucheza. Na katika mfululizo wa ambienti wa Eno mwenyewe, albamu ya tatu, ya 1980, ni ya Laraaji, Mmarekani mweusi aliyekuwa akipiga zeze la umeme katika bustani ya Washington Square, New York, mpaka Eno alipopita na kumwachia kikaratasi. Ukisikia mtu anauita huu muziki wa Wazungu, mpe majina mawili: King Tubby na Laraaji.

Jina la tatu liko karibu zaidi. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Nairobi 1997, hutoa kazi zake kwa jina la KMRU. Jina lake ni la babu yake, Joseph Kamaru aliyefariki 2018, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu. Mzee alikuwa mtu wa maneno hasa: methali, mafumbo, maonyo kwa wakubwa. Wimbo wake juu ya kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975 ulizuiwa redioni. Mjukuu haimbi. Katika Peel, albamu ya 2020 iliyomtambulisha duniani, kipande chenye jina hilo kinachukua zaidi ya dakika 20 na ndani yake hakuna tukio unaloweza kulisimulia. Kuna mvumo unaonenepa kama giza la magharibi, hujui liliingia dakika gani. Na mjukuu huyohuyo ndiye anayezirudisha nyimbo za babu kwa wasikilizaji kupitia mtandao.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda. Ingekuwa rahisi kusema mzee alipigana na kijana ametulia. Basi sikiliza Temporary Stored ya 2022, aliyoijenga kwa rekodi za kale zilizohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lile la Afrika ya Kati. Sauti za watu walionaswa na wakoloni zinapita humo zimekatikakatika, zimefunikwa na mvumo, hazikamatiki. Mtu haweki hiyo apate usingizi. Natur, ya 2024, ilitokana na kuhama Nairobi kwenda Berlin, ambako kilichomshtua kilikuwa kimya. Alitumia maikrofoni zinazonasa mawimbi ya umeme ambayo sikio haliyapati, yale yanayozunguka vyombo vyetu mchana na usiku. Babu alisema yaliyokatazwa kusemwa. Mjukuu anatega sikio pale tulipokwisha kuamua kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo kurasa zinazofuata hazina orodha ya nyimbo za kupumzikia. Kuna mahojiano na mafundi wa spika, kuna makala ndefu juu ya bashrafu, na kuna msomaji wetu wa Tanga anayepinga kila nilichokiandika hapa; nimempa kurasa nne.

Ukitaka kujaribu, usivae hedifoni. Weka kwenye spika, sauti chini kuliko unavyodhani, acha dirisha wazi, endelea na shughuli zako. Anza na Peel. Natur ni kipande kimoja cha dakika 52, hiyo ipakue kwanza kabisa. Mimi niliisikiliza moja kwa moja kwenye mtandao, bando likakata katikati, na nilikaa robo saa nzima nikiisifia.