MOYO ULIOLEGEA SI KAZI YA MCHAWI

Mwezi wa Januari 1977 Mzee Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu Uwaziri wa Mambo ya Ndani. Huku Visiwani tukio hilo husimuliwa kuwa mfano wa kiongozi aliyekubali kubeba dhamana ya makosa ya walio chini yake, na ndivyo lilivyo. Chanzo chake, hata hivyo, hukumbukwa kwa nadra. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza watu walikuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake vikongwe. Vyombo vya dola vilikamata washukiwa kwa wingi ili kuyakomesha mauaji hayo. Mahabusu waliteswa, na baadhi yao wakafa. Waziri aliondoka, mauaji hayakukoma. Mkoa wa Geita, ulioundwa mwaka 2012, umerithi dhahabu na umerithi balaa hilo pia.

Sababu zake ni nyingi: ardhi, urithi, tamaa ya mali, na wapiga ramli wanaokula kwa hofu za watu. Macho mekundu ya bibi kizee, ambayo aghalabu ni matokeo ya moshi wa jikoni, yamefanywa ushahidi. Lakini mara nyingi tuhuma huanzia kwenye ugonjwa au kifo ambacho jamaa hawakupewa maelezo yake. Yatupasa basi tuulize kama maelezo hayo yapo.

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua salama. Baada ya wiki chache miguu yavimba, akilala chali pumzi zamkatika, usiku kucha hukaa kitako. Kijijini watasema ametupiwa kitu. Waganga wa hospitali wanaujua ugonjwa huu: moyo hutanuka na kulegea mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya mwanzo baada ya uzazi.

Ndani ya misuli ya moyo mna protini iitwayo taitini, kubwa kupita protini zote zilizopata kujulikana katika mwili wa binadamu. Ni mnyororo wa asidi za amino zipatazo 34,000, nao hufanya kazi ya kamani: moyo ukijaa damu hunyumbuka, kisha huurejesha misuli mahali pake. Jeni inayoitengeneza ikiwa na kasoro ya kuikata protini hiyo njiani, kamani hutoka dhaifu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2012 ulizikuta kasoro hizo kwa robo ya wagonjwa wa moyo uliotanuka ambao ugonjwa wao ulikuwa wa kurithi. Mwaka 2016 wanawake 172 wenye ugonjwa wa moyo wa uzazi walichunguzwa. 26 walikuwa na kasoro za aina hiyo katika jeni za misuli ya moyo, na 17 kati yao ilikuwa katika taitini.

Maana yake ni kwamba mama na binti, au dada wawili wa tumbo moja, waweza kupatwa na maradhi yale yale kwa miaka tofauti bila ya mkono wa jirani. Kurudiarudia huko katika nyumba moja ndiko mpiga ramli anakokuita ushahidi. Lakini tusiigeuze jeni ikawa laana mpya. Wengi wenye kasoro hiyo huishi umri wao wote bila ya kuugua, na kuna wagonjwa wengi wasio nayo kabisa.

Saratani nayo imo. Taitini huonekana imeharibika katika vivimbe vingi, lakini wataalamu wanatahadharisha: jeni yake ni ndefu mno, hivyo hupigwa kwa bahati tu, kama shamba kubwa lipatavyo mawe mengi ya mvua. Lililo zito zaidi ni dawa. Doksorubisini, inayotumika kutibu saratani ya matiti na nyinginezo, yaweza kuudhoofisha moyo. Utafiti wa mwaka 2019 uliwachunguza wagonjwa 213 walioharibikiwa na moyo kwa dawa za saratani, na zaidi ya 7 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya taitini. Kwa watu wa kawaida hafiki hata mmoja. Mgonjwa wa Kahama au Geita anayepelekwa Bugando, Mwanza, kwa tiba ya saratani anastahili kuulizwa kwanza: nani katika ukoo wenu alikufa kwa moyo?

Swali hilo halina gharama. Kipimo cha jeni kiko mbali na hospitali za wilaya, na hatukihitaji ili tuanze. Kinachohitajika ni mashine ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mtu aliyefunzwa kuitumia, na dawa za kupunguza maji mwilini na kuupumzisha moyo, ambazo ni za kawaida. Akina mama wengi wakiwahiwa hupata nafuu kubwa, na baadhi yao moyo hurejea hali yake.

Tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, kila mwenye leseni ya mgodi hutakiwa kupeleka mpango wake wa huduma kwa jamii kwenye halmashauri. Madiwani wa ukanda wa dhahabu wamezoea kupokea madarasa na madawati, nayo ni mema. Mpango ujao ukifika mezani, waulize mashine ya moyo imeandikwa ukurasa gani. Na muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto apewe amri ya kutomrudisha nyumbani mama aliyevimba miguu na kukosa pumzi kabla moyo wake haujasikilizwa.