Amri ya Kupanda Lori Ina Mwenyewe

Abiria wa daladala ya Buhongwa, Mwanza, akiona dereva anakimbiza gari, atapiga kelele, na asiposikilizwa atashuka kituo kinachofuata. Kuruta hana ruhusa hiyo. Akiambiwa panda, anapanda. Akiambiwa kaa nyuma pamoja na mabegi, majembe na masufuria ya kambi, anakaa. Usalama wake uko mikononi mwa aliyetoa amri, na huyo ndiye tunayesema naye leo.

Barabara za Kanda ya Ziwa zimebadilika. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, gari linalotoka Mwanza kwenda Sengerema, Geita na Kagera halisubiri tena kivuko. Upande wa mashariki, njia ya Magu na Lamadi inaelekea mkoa wa Mara, iliko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya Rwamkoma. Njia hiyo tunaijua kwa uchungu. Januari 11, 2022, wilayani Busega, gari la waandishi wa habari waliokuwa katika msafara wa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza liligongana na Hiace, wakafariki watu 14. Waandishi hao hawakuwa askari, ila walikuwa kazini, kwa ratiba iliyopangwa na wakubwa.

Vijana wenye sare nao wamekwisha kufa hivyo. Juni 2018 mkoani Mbeya, gari lililobeba vijana wa JKT lilipata ajali, na waliofariki walizidi 10.

Litazame lori la askari kwa ndani. Mabenchi yako ubavuni, abiria wanatazamana, turubai juu, bodi nyuma. Mikanda hakuna. Breki ikikamatwa ghafla, aliye karibu na kichwa cha gari anaangukiwa na wenzake wote, kisha na sanduku ambalo hakuna aliyelifunga. Lori likipinduka, turubai halimzuii mtu: anarushwa kwenye lami, au bodi inamlalia. Anayepona anapelekwa hospitali akiwa amepasuka fuvu, au amevunjika uti wa mgongo au nyonga. Madaktari wa hospitali ya Bugando, Mwanza, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2012, waliandika habari za majeruhi 1,678 wa ajali za barabarani waliopokewa katika muda wa takriban mwaka mmoja. Wodi hizo hazihitaji kuongezewa kombania nzima kwa siku moja.

Tutajibiwa kwamba jeshi ni hatari kwa asili yake. Mwaka 1978, nchi ilipovamiwa na Uganda ya Idi Amin, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka wapiganaji Kagera, na hakuna aliyeuliza mkanda. Ile ilikuwa vita. Safari ya kupeleka vijana shambani au kwenye gwaride haina udhuru huo. Hata Marekani, yenye magari ya kila namna, ukaguzi uliotolewa mwaka 2021 ulikuta ajali 3,753 za magari ya kijeshi nje ya mapigano kati ya 2010 na 2019, na vifo 123, vingi vikitokana na magari kupinduka. Sababu zilizotajwa ni uzembe wa dereva, usimamizi legelege na mafunzo haba. Adui hakuwemo.

Kuna jambo linalotuudhi zaidi. Mwenye cheo huketi mbele, karibu na dereva, penye kiti na mkanda. Dereva mara nyingi ni mdogo wake kwa cheo. Afande akisema "ongeza mwendo, tumechelewa", ataongeza. Kwa hiyo, ajali ikitokea, kumfunga dereva peke yake ni kukwepa. Aulizwe pia aliyekaa mbele, na aliyeidhinisha safari huku akijua dereva hajalala.

Makamanda wa vikosi wana uwezo wa kuanza kesho. Mizigo ipande gari lake. Safari ndefu iende kwa basi lenye viti na mikanda, mchana. Trafiki wa Usagara, nje ya jiji la Mwanza, asimamishe lori la jeshi kama anavyosimamisha Hiace, na polisi wa jeshi wamuunge mkono badala ya kumkodolea macho.

Makao Makuu ya jeshi nayo yatangaze kila mwaka ni wangapi wameumia na wangapi wamebaki na ulemavu. Mzazi aliyekabidhi mtoto wake mzima kambini anadai hesabu hiyo, na kamanda atakayeshindwa kuitoa hastahili kukabidhiwa mwingine.