Daftari la Wiki: Nani Atamlipa Negesa?

Jumatatu. Singida bado tunatembea kifua mbele. Alphonce Simbu, mtoto wa Mampando, Ikungi, alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo Septemba 2025, akimzidi Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Kuna jambo la mashindano hayo ambalo vijiweni hatuligusi. Kuanzia Septemba 1 mwaka huo, mwanamke anayetaka kukimbia mbio za dunia lazima kwanza apimwe vinasaba. Wanaume hawapimwi hivyo.

Jumatano. Jioni nimesimama kwenye uwanja wa shule moja njia ya Ikungi. Wasichana wanajiandaa na mashindano ya shule, UMISSETA, wengi wako peku, mistari imechorwa kwa majivu. Aliyeongoza ana mabega mapana na hatua ndefu. Mvulana mmoja akapaza sauti: “Jikedume huyo!” Mwalimu akamkemea. Msichana hakugeuka.

Usiku nimemfikiria Annet Negesa wa Uganda. Mwaka 2011 alishinda mita 800 kwenye Michezo ya Afrika, Maputo. Mwaka uliofuata akaondolewa safari ya Olimpiki ya London kwa sababu ya homoni za mwili wake, kisha akafanyiwa upasuaji Kampala. Mwenyewe anasema hakuelezwa sawasawa anafanyiwa nini. Shirikisho la Riadha la Dunia limekana kuhusika. Hakurudi tena kwenye kasi yake, na tangu 2019 anaishi Ujerumani kwa hifadhi.

Hayuko peke yake. Mbio za mita 800, Olimpiki ya Rio 2016: dhahabu Caster Semenya, fedha Francine Niyonsaba wa Burundi, shaba Margaret Wambui wa Kenya. Kanuni za shirikisho hilo za 2018 ziliwagusa wote watatu: meza dawa za kupunguza homoni au acha mbio zako. Niyonsaba akahamia mbio ndefu, na mwaka 2021 akavunja rekodi ya dunia ya mita 2,000. Mwaka 2023 mlango huo nao ukafungwa.

Ijumaa. Julai 10, 2025, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Semenya hakusikilizwa kwa haki nchini Uswisi, alikopinga kanuni hizo mahakamani. Akaandikiwa euro 80,000. Hizo ni gharama za kesi! Miaka aliyozuiwa kukimbia hajalipwa na mtu, na kanuni zikabaki palepale.

Jumamosi. Mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga kwa makaburu. Filbert Bayi akabaki nyumbani, na dhahabu ya mita 1,500 ikaenda kwa John Walker wa New Zealand, ambaye Bayi alimshinda Christchurch 1974 kwa rekodi ya dunia. Tulifanya sawa kususia, ila gharama waliibeba wanariadha.

Nchi yenye historia hiyo isikae kimya leo. Viongozi wetu wa riadha wasimame kwenye mkutano wa shirikisho la dunia wadai mfuko wa fidia: matibabu ya maisha, malipo ya miaka iliyopotea, na radhi ya maandishi. Waanze na Negesa.