Neno la Shahidi na Karatasi ya Rufani

Wako wanasheria wasemao kwamba lugha ya kumbukumbu za mahakama ni jambo dogo, maadamu hakimu ni msomi na mwaminifu. Rai hiyo ni ya kupingwa, na pa kuipingia ni Tukuyu.

Mtu aliyetiwa hatiani katika Mahakama ya Wilaya ya Rungwe hukata rufani Mahakama Kuu, Mbeya. Kwa kanuni iliyothibitishwa katika shauri la Okeno dhidi ya Jamhuri, mwaka 1972, mahakama ya rufani ya kwanza yapaswa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia. Basi kilicho mbele ya jaji ni karatasi. Na karatasi hiyo, kwa miaka mingi, iliandikwa Kiingereza, ingawa shahidi alisema Kiswahili, au Kinyakyusa kwa kinywa cha mkalimani.

Uchukuliwe ushahidi wa utambuzi usiku. Rungwe ni nchi ya mvua nyingi na ukungu, na nyumba zimezungukwa na migomba. Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliuhesabu ushahidi wa namna hiyo kuwa dhaifu mno, ikataka kujua umbali, mwanga, muda wa kutazama, na kama shahidi alimjua mtu huyo kabla. Sasa, shahidi akisema "nilimwona", ametaja macho yake tu. Akisema "nilimjua", yamkini alimjua tangu zamani, yamkini papo hapo. Akisema "nilimtambua", amedai kumpambanua na wengine. Akisema "nilimfananisha", huyo amekiri shaka! Maneno hayo manne yakimiminwa katika neno moja la Kiingereza, shaka iliyotamkwa Tukuyu haifiki Mbeya. Tena Sheria ya Ushahidi ya 1967 haidai idadi maalumu ya mashahidi. Mmoja aweza kumpeleka mtu gerezani.

Wengine hujitetea kwamba Kiswahili hakina istilahi. Lugha yenye maneno manne penye moja yaitwaje maskini? Mahakama za mwanzo zimeandika Kiswahili tangu zamani, na rufani zake zilisomeka.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, isipokuwa pale haki ihitajipo Kiingereza. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Hakimu aliyezoea kugeuza maswali na majibu kuwa masimulizi mafupi atayafupisha hata kwa Kiswahili. Penye utambuzi, kitenzi cha shahidi kiandikwe kama kilivyotamkwa. Na kikitamkwa Kinyakyusa, kiandikwe Kinyakyusa, tafsiri ifuate. Ni kazi ya mstari mmoja. Ama mashauri yaliyoandikwa Kiingereza kabla ya 2021, kama rufani zake hazijasikilizwa, mrufani aruhusiwe kueleza ni neno gani hasa lililosemwa, na jaji amwite mkalimani aulizwe.